Flashi Ndogo Juu ya Kamera: Niliyoyaona Nilipoijaribu

Chukua jarida lolote la shule ambalo picha zake zilipigwa bwaloni au bwenini wakati wa jioni, kisha uzitazame nyuso zilizomo. Bila shaka utakuta aina mbili za picha. Ya kwanza ni ile ambayo shati jeupe linang'aa kama lililotoka kupigwa pasi sasa hivi, ilhali mwenye shati hana uso. Kilichobaki ni meno na kola tu. Ya pili ni ile ambayo paji la uso linametameta kama sahani iliyopakwa mafuta, macho ni mekundu kama ya mtu aliyekesha akidurusu kwa koroboi, na nyuma yake kuna kivuli cheusi kilichoganda ukutani.

Picha hizo huchekesha, lakini hazimchekeshi aliyepigwa. Jarida letu huhifadhiwa nyumbani kwa miaka mingi. Siku ya Wazazi mwaka jana, mama mmoja alilifungua penye ukurasa wa kwaya, akamtafuta bintiye kwa kidole, safu baada ya safu, asimwone. Binti mwenyewe alikuwa papo hapo, safu ya nyuma. Mwanga ndio haukumfikia.

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kiliazimwa kamera aina ya Canon EOS 700D pamoja na flashi ndogo ya kuchomeka juu yake, Canon Speedlite 270EX II, iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka wa 2011. Mwalimu mlezi wa chama alinikabidhi kazi ya kuijaribu kwa muhula mzima, kisha niwaeleze wenzangu niliyoyaona kabla ya picha za jarida kupigwa. Makala haya ndiyo ripoti yenyewe. Nitasema mapema ninaloliamini: faida kubwa ya flashi hii si nguvu zake, maana nguvu zake si nyingi. Faida yake ni kwamba shingo yake hugeuka.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu jina. Wapo wanachama waliotaka tuseme "mmweko", na hoja yao ni nzuri. Lakini wapiga picha wa mitaani husema flashi, na mimi nimewafuata. Mabingwa wa lugha mniwie radhi, tutakutana kwenye mjadala.

RADI NDANI YA KISANDUKU

Binadamu hakuanza na betri. Mwaka wa 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesi na kemikali nyingine, wakapata unga uliolipuka kwa mwanga mkali ulipowashwa. Mpiga picha alipata picha yake, lakini alipata pia moshi, na wakati mwingine majeraha ya moto. Kufikia mwaka wa 1930 kulikuwa na balbu za flashi. Hizo zilikuwa salama zaidi, lakini kila balbu iliungua mara moja tu ikatupwa. Mwaka wa 1931 Harold Edgerton, wa chuo cha MIT huko Marekani, akaunda taa ya umeme yenye gesi iliyoweza kumweka tena na tena. Flashi tulizo nazo leo ni wajukuu wa taa hiyo.

Sasa, kisanduku hiki kidogo kinachotoshea kiganjani hufanyaje kazi? Fikiria pipa la maji nyuma ya jikoni. Bomba la kulijaza ni jembamba, maji yanatiririka polepole. Lakini likishajaa, ukilipindua mara moja, utalowesha ua mzima. Flashi nayo ni vivyo hivyo. Ndani yake mna betri mbili ndogo za AA. Umeme wake mdogo hupandishwa hadi mamia ya volti, kisha hulimbikizwa katika kifaa kiitwacho kapasita, ambacho ndicho pipa letu. Ukibonyeza kitufe, umeme wote humwagika kwa mkupuo kupitia kijimrija cha kioo chenye gesi ya zenoni. Gesi hiyo humweka kwa muda usiozidi sana sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndiyo maana mwanariadha anayeruka hewani hutokea kana kwamba ameganda.

Baada ya hapo pipa ni tupu, sharti lijazwe tena. Hungoja sekunde kadhaa mpaka kijitaa cha nyuma kiwake, na betri zikichoka utangoja zaidi. Usimwambie mtu "tabasamu" kabla ya kijitaa kuwaka, kwani tabasamu la kungoja huwa kama la mtu anayeumwa na jino.

Tahadhari: mtu asijaribu kuifungua flashi kwa bisibisi, hata ikiwa betri zimetolewa. Kapasita huweza kubaki na umeme wake ndani, na umeme huo si wa kuchezewa.

HESABU YA MWANGA

Wenzangu wanaoikimbia Hisabati wavumilie kidogo, hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu. Kila flashi ina namba inayoonyesha uwezo wake. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera yetu ina namba 13. Hii ya kuchomeka ina namba 22 kichwa chake kikiwa kimerudishwa ndani, na 27 ukikivuta mbele, ambapo mwanga hubanwa ukaenda mbali zaidi lakini kwa upana mdogo. Namba hizo ni za mita, kamera ikiwa kwenye ISO 100, yaani ikiwa imewekwa isihisi mwanga kwa wingi.

Chukua namba hiyo, uigawanye kwa namba ya tundu la lenzi, utapata umbali ambao mwanga utafika ukiwa wa kutosha. Tundu likiwa f/4, flashi ya ndani inafika mita 3 na robo. Hii yetu inafika mita 5 na nusu. Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 400, umbali huongezeka maradufu, kwa hiyo mita 5 na nusu zinakuwa 11.

Lakini hapa pana siri ambayo ndiyo iliyomficha yule binti wa kwaya. Mwanga unapoenda mbali hutawanyika. Ukienda umbali mara mbili, unatandazwa juu ya eneo mara nne, kwa hiyo kila mtu anapata robo tu. Mpiga picha akisimama mita 2 kutoka safu ya mbele, na safu ya nyuma iko mita 4, wa nyuma wanapata robo ya mwanga wanaoupata wa mbele. Wa mbele wataonekana weupe kama chaki, wa nyuma watamezwa na giza. Hata ungenunua flashi kubwa kuliko zote, uwiano huo haubadiliki.

Dawa ni kurudi nyuma. Nilipanga wanachama kwa safu vilevile, nikarudi hadi mita 5 kutoka safu ya mbele, safu ya nyuma ikawa mita 7. Sasa wa nyuma wanapata karibu nusu ya mwanga wa wenzao, na tofauti hiyo si mbaya kwa macho. Nikapandisha ISO hadi 400 ili mwanga ufike, na wa safu ya nyuma wakasimama juu ya mabenchi ili wasizibwe. Nyuso zote zilionekana. Nilizihesabu moja moja: 24, na kila mtu alijitambua.

JARIBIO LA KWANZA: FLASHI IKITAZAMA MBELE

Nilianza na njia ya kawaida, flashi ikiwa imemkazia mtu macho. Ni kweli picha ilipatikana, na kwa kweli ilikuwa afadhali kuliko ya flashi ya ndani. Macho mekundu yalipungua. Wekundu huo, kwa wasiojua, ni rangi ya damu iliyomo nyuma ya jicho. Gizani mboni hupanuka, na flashi ikiwa karibu sana na lenzi, mwanga huingia, ukagonga huko nyuma na kurudi moja kwa moja kwenye kamera. Flashi ya kuchomeka hukaa juu kidogo, basi sehemu kubwa ya mwanga huo hurudi kwingine.

Hata hivyo, paji la uso na pua viling'aa vilevile, na kivuli kikali kilibaki ukutani. Kivuli hicho kina dawa rahisi: mtoe mtu ukutani. Akiwa hatua mbili au tatu mbele ya ukuta, kivuli chake huangukia chini, nyuma yake. Lakini mng'ao wa uso haukuondoka. Huo unatokana na udogo wa taa yenyewe. Chanzo kidogo cha mwanga hutoa vivuli vikali na mng'ao mkali. Chanzo kikubwa hulainisha kila kitu. Linganisha jua la saa saba bila wingu na jua hilo hilo likiwa limefunikwa na wingu jeupe. Jua ni lile lile, ila wingu zima limegeuka kuwa taa.

JARIBIO LA PILI: KUGEUZA SHINGO

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka uso mzuri sharti aiinamishe flashi, au tuseme aiinue. Katika maktaba yetu mna dari nyeupe, ya chini kiasi. Niliinua kichwa cha flashi kikatazama juu, nikampiga picha mwanachama mmoja akisoma. Jamani, kumbe! Dari nzima ikawa taa. Mwanga ulishuka taratibu kama wa dirishani, paji la uso halikumeta, kivuli hakikuonekana, na vitabu vilivyokuwa rafuni nyuma yake vilisomeka majina. Mwenyewe alipoiona aliuliza kama alipigwa na mtu wa studio.

Nikaenda bwaloni nikiwa na furaha tele. Lakini bwalo letu halina dari, lina mabati na maboriti marefu juu kabisa. Mwanga ulipanda, ukapotelea kwenye maboriti na buibui wake, picha ikawa giza tupu. Nadhani shule nyingi za humu nchini ziko hivyo, basi ushauri wa vitabu kwamba "elekeza flashi darini" hautufai kila mahali.

Ikanibidi nitafute dari nyingine. Flashi hii hugeuza kichwa juu tu, haigeuki kushoto wala kulia. Lakini ukiishika kamera wima, upande wa juu wa flashi huwa ndio ubavuni. Kwa hiyo, kamera ikiwa wima na kichwa kikiwa kimeinuliwa, mwanga huenda ukutani kando yako, kisha humrudia mtu kutoka ubavuni. Ukuta ukawa dari yangu. Mwanga wa ubavuni una uzuri wake pia: hulipa shavu umbo, na uso hauonekani bapa kama sarafu.

Kuta nazo zina masharti. Madarasa yetu yamepakwa rangi mbili, chini buluu iliyokolea, juu rangi ya maziwa. Mwanga ukigonga sehemu ya buluu, unarudi ukiwa na ubuluu, na mwenzako ataonekana kama aliyeshikwa na baridi ya Limuru. Elekeza juu ya mstari. Kurasa za ndani za jarida letu huchapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kosa hilo halionekani huko, ila picha ya jalada huwa ya rangi na itakuumbua.

Pasipo na ukuta mweupe karibu, leta wako. Karatasi kubwa nyeupe ya manila iliyoshikwa na mwenzako ilifanya kazi vizuri. Shuka jeupe la bweni lililoanikwa kwenye kamba lilifanya vizuri zaidi, kwa sababu ni kubwa. Hata safu ya wanafunzi waliovaa mashati meupe ni ukuta usiodharauliwa.

Ukitumia njia hii, kumbuka kwamba mwanga umesafiri mbali zaidi na mwingine umemezwa njiani. Kwa kawaida ni robo tu inayobaki, au pungufu. Kwa hiyo pandisha ISO hadi 800, na usiwe mbali. Aidha, ruhusu mwanga wa chumba chenyewe usaidie. Mmweko ni wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo muda wa kufunguka kwa kamera hauuongezi wala kuupunguza. Unaoongezeka ni mwanga wa taa za chumbani. Nilipoiacha kamera ifunguke kwa 1/30 ya sekunde badala ya 1/200, bwalo la nyuma halikuwa tena pango jeusi. Taa zilionekana, meza zilionekana, na mtu aliye mbele aliganishwa na flashi kama kawaida.

NGOZI YETU NA MASHATI MEUPE

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kamera haijui inatazama nini. Mashine yake ya kupima hudhani kwamba kila kitu kilicho mbele yake, kikichanganywa, kina rangi ya kijivu cha wastani. Flashi hii hutoa kwanza mmweko mdogo wa kupimia, kamera inasoma mwanga uliorudi kupitia lenzi, kisha inaamua nguvu ya mmweko wenyewe. Sasa mweke mbele yake mwanafunzi mweusi aliyevaa shati jeupe. Shati linarudisha mwanga mwingi, kamera inajisemea, "Loo, hapa pana mwanga wa kutosha," inapunguza nguvu. Shati linatoka vizuri. Uso unazama.

Kwa bahati nzuri kamera ina sehemu ya kurekebisha nguvu ya flashi, kutoka kupunguza hatua 2 hadi kuongeza hatua 2. Nilijaribu ngazi kadhaa kwa sare yetu. Kuongeza theluthi mbili za hatua kulitosha kwa wengi. Kwa wenzetu wenye ngozi nyeusi zaidi, hatua 1 nzima ilikuwa bora. Shati likipoteza mikunjo yake kidogo, na lipoteze. Hakuna mzazi aliyewahi kulitafuta shati jaridani.

Msidhani nazusha jambo. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, maabara za picha zilirekebisha rangi zao kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zikaitwa "Shirley". Yeye akitokea sawa, kazi ilihesabiwa kuwa sawa. Kodak ilileta kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali katika miaka ya 1990 tu. Kwa hiyo nyuso nyeusi zilipopotea kwenye picha za wazazi na babu zetu, si nyuso zilizokuwa na kasoro. Vipimo ndivyo vilivyowekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Leo vipimo viko mikononi mwetu, ni juu ya anayeishika kamera kuvigeuza.

JUA LA UTOSINI

Wengi hucheka wakiona flashi mchana. "Unamulika jua?" waliniuliza kwenye gwaride. La, naondoa kivuli. Jua la adhuhuri huku kwetu karibu na Ikweta hutusimamia utosini, macho yakawa mashimo meusi chini ya nyusi, na aliyevaa kofia hana uso kabisa. Mmweko mdogo hujaza mashimo hayo.

Lakini kwa mmweko wa kawaida kamera yetu haikubali kufunguka kwa kasi inayopita 1/200 ya sekunde. Jua likiwa kali, kwa ISO 100, sharti tundu lifungwe hadi kama f/11. Rudi kwenye hesabu yetu: 22 gawanya kwa 11 ni 2. Yaani mita 2 tu! Kwa hiyo mchana flashi hii inafaa kwa mtu mmoja au wawili walio karibu, haifai kwa timu nzima ya kandanda. Timu ipeleke kwenye kivuli cha mti, kazi iishe.

ADABU YA FLASHI

Fauka ya hayo, kuna mambo ya utu. Usimmulike mtu machoni kwa karibu bila kumtahadharisha. Usimulike wakati wa tamthilia. Mwigizaji aliyepofushwa husahau maneno yake, na hadhira yote hugeuka kukutazama wewe. Wenye miwani waombe wainamishe kidevu kidogo, mng'ao wa kioo utaondoka. Na mtu akisema hataki kupigwa picha, basi, hataki.

HUKUMU YANGU

Flashi hii si ya kila kazi. Betri mbili ni chache kwa sherehe ndefu, na ungojaji wake huudhi. Kwa hiyo beba betri za akiba, hasa zile zinazochajiwa upya. Haina kitufe cha kugeuza nguvu kwenye mwili wake, sharti uingie kwenye menyu ya kamera. Na shingo isiyogeuka kushoto na kulia inakulazimisha ushike kamera wima. Anayetaka kupiga harusi kila Jumamosi atafute kubwa kuliko hii.

Lakini kwa picha zetu za kawaida, za rafiki bwenini, mdahalo maktabani, kwaya bwaloni, inatosha na kubaki. Ni nyepesi, inaingia mfukoni mwa blauzi, na jambo la maana inaweza kulifanya: kuacha kumkodolea mtu macho, ikautafuta ukuta.

Picha za jarida hili, kuanzia ukurasa wa kwaya, zimepigwa kwa njia nilizozieleza hapa. Zikague mwenyewe. Ukikuta uso uliozama, njoo chumba cha Chama cha Kiswahili Jumatano baada ya masomo, kamera iko, manila iko, tutakupiga upya hadi mamako akutambue.

Kwa hayo machache, kalamu yangu naiweka chini. Wasalaam.

— Mwanachama, Kidato cha Tatu